Mwenye nyumba si benki ya kompani

Ndugu wachimbaji, mama na dada zetu, na ninyi wenye nyumba wa Lokandu, wa Kindu na wa Kalima, leo tuongee mambo ya kodi ya nyumba. Tangu miezi, ku sindika, kesi za kufukuzwa ku nyumba zinapita kesi za kufukuzwa ku kazi. Na mara mingi tunakuta jambo lenye kushangaza: yule anayefukuzwa ni mufanyakazi mwenye kontra, mwenye anapaswa kupata kila mwezi feza ya nyumba kutoka kwa mukubwa wa kazi, ile feza tunaita lojema. Jirani yake mwenye kuuza chumvi na sabuni pale soko, asiyesaidiwa na mutu yeyote, yeye anabaki mu nyumba.

Zamani mambo yalikuwa kinyume. Mwenye nyumba akisikia "niko mutu wa kompani", alikuwa anatafuta ufunguo mbio. Leo anauliza kwanza: "Kompani gani? Inalipa? Walilipa mwisho mwezi gani?" Kama jibu halimuridhishi, anasema nyumba imekwisha kupata mutu. Wengine wameanza kusema waziwazi: mutu wa lojema, hapana.

Wafanyakazi wengi wanaona kama ile ni roho mubaya. Mimi ni mutu wa sindika, kazi yangu ni kusimama upande wa mufanyakazi. Lakini mbele ya kumutukana mwenye nyumba, tuangalie kwanza anaogopa nini. Woga wake una sababu. Na ile sababu inatoka ku ofisi yenye inapaswa kulipa na hailipi.

LOJEMA NI NINI

Sheria ya kazi ya inchi yetu, namba 015-2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, imegusa mambo ya nyumba. Mukubwa wa kazi akimuhamisha mufanyakazi, ao akimutumikisha mbali na fasi alimuandikia, anapaswa kumupatia nyumba yenye kufaa, yeye na familia yake. Kama nyumba hakuna, atoe feza ya kutosha ya kupanga. Kwa wafanyakazi wengine, mapatano ya pamoja kati ya sindika na kompani njo yanapanga feza hiyo. Na sheria ileile inaweka lojema pembeni ya mushahara. Haihesabiwi kuwa mushahara, sawa vile matunzo ya hospitali na feza ya usafiri hazihesabiwi.

Tushike vizuri neno hilo. Lojema si zawadi ya bosi. Tena si feza ya kujazia mushahara mudogo, hata kama wengi wetu tunalazimika kufanya vile juu njaa haingoje. Ni feza yenye jina na yenye kazi yake: paa juu ya kichwa cha mufanyakazi, bibi yake na watoto wake.

Wazee wetu hawakujua lojema. Walijua kambi. Symétain, yenye ilianza 1932, ilijenga Kalima na nyumba za wafanyakazi wake. Mwaka wa 1976 Symétain na kompani zingine za Kivu na Maniema, kama Cobelmin, ziliunganishwa kuwa SOMINKI. Mutu alikuwa anaingia kazi, anapewa ufunguo, na kodi ya nyumba haikuwa wasiwasi wa kila mwezi. Kisha, Oktoba 1985, bei ya kasiterite ikaanguka ku soko ya dunia. Uchimbaji wa mashine ukaenda unakufa polepole. Mwaka wa 1997 SOMINKI ikafikia mwisho wake, SAKIMA ikazaliwa, na mwaka uliofuata vita ikaingia. Wazee wengi walitoka kazi bila kupata hesabu yao ya mwisho, na mpaka leo wako kati yetu wenye kuidai, ao watoto wao njo wanaidai fasi yao.

Njo pale mambo ya leo yalianza. Wale wazee, ao wajane wao, wengi walikuja kujenga Kindu: Kasuku, Mikelenge, Alunguli. Wengine walirudia Lokandu, kando ya Lualaba. Walijenga kidogo kidogo, mwaka huu matofali, mwaka ujao mabati. Leo nyumba mbili ao tatu ndani ya parseli njo pansio yao. Kwa hiyo mukisikia neno "mwenye nyumba", musione tajiri mwenye gari. Kwetu huku, mara mingi ni mama mujane wa muchimbaji, mwenye anangojea mwisho wa mwezi kusudi anunue dawa ya presha na alipie wajukuu masomo.

Muone basi ile ajabu. Mupangaji ni mufanyakazi wa leo, hajalipwa lojema. Mwenye nyumba ni mufanyakazi wa jana, ao mujane wake, hajalipwa hesabu ya mwisho. Wote wawili wanadai. Na wote wawili wanatukanana pale ku mulango, mbele ya watoto, wakati mwenye deni amelala.

WENYE NYUMBA WANAOGOPA NINI

Jambo la kwanza ni kuchelewa. Muuzaji wa soko anaweza kulipa nusu leo na nusu siku ya Posho, lakini feza inatembea. Mutu wa lojema anasema "wakilipa, nitakulipa". Mwezi wa kwanza mwenye nyumba anavumilia. Mwezi wa pili anakopa kwa jirani. Mwezi wa tatu anakuja asubuhi, na bwana hayuko, iko ku karyeri, siku mbili za njia. Anamukuta mama na watoto. Ni mama njo anameza yale maneno yote. Yeye hakusaini kontra, hakujua tarehe ya malipo, hana hata namba ya simu ya ofisi ya kompani. Lakini yeye njo anaambiwa "leo vyombo vinatoka inje", hata kama ni majira ya mvua.

Jambo la pili ni dola na franka. Kodi ya nyumba inapatanwa kwa dola, na lojema inaandikwa mara mingi kwa franka. Wakati franka inashuka, lojema inabaki palepale ku karatasi, lakini kodi inapanda yenyewe kila mara unaingia kwa mubadilishaji wa feza. Mufanyakazi anajazia tofauti kutoka ndani ya mushahara wake. Miezi michache hawezi tena, na mwenye nyumba anaona kama anadanganywa.

Jambo la tatu ni garanti. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, yenye kuhusu kupanga nyumba za kukaa, inasema garanti ya nyumba ya kukaa haipaswi kupita miezi mitatu. Lakini mwenye nyumba aliyekwisha kuumwa na nyoka anaogopa hata kamba. Anaomba miezi sita, ao anaomba mwaka. Mufanyakazi anayeanza kazi hana ile feza, na kompani nyingi zinatoa lojema mwisho wa mwezi bila kutanguliza garanti. Basi lojema iko, nyumba iko, lakini mulango unabaki umefungwa. Pale katikati anaingia komisyonere, anakula yake, na haulizwe kitu mambo yakiharibika.

Jambo la ine ni mwisho wa kazi. Siku kompani inasimamisha machimbo, hakuna mutu anayemuambia mwenye nyumba. Mwaka wa 2019 Banro ilisimamisha kazi ku Namoya, huku Maniema yetu, juu ya mambo ya usalama. Machimbo yenyewe ilikuwa imetangazwa kuanza kutoa zahabu ya biashara mwaka wa 2016 tu. Ni miaka mitatu na kitu. Mutu anayejenga nyumba ya kupangisha karibu na machimbo anahesabu miaka kumi ao makumi mawili mbele. Kompani inahesabu kwa bei ya zahabu, kwa madeni yake, na kwa masasi. Machimbo ikifungwa, kompani inaenda na vitabu vyake, na mwenye nyumba anabaki na mupangaji asiye na kazi, asiyeweza kulipa, na asiye na feza ya usafiri ya kurudia kwao.

Jambo la tano ni ushuru wa serikali, na hili watu wengi hawalijue. Tangu sheria ya ushuru ya mwaka wa 1969, feza ya nyumba ya kupangisha inakatwa ushuru, na kiwango chenye kilijulikana miaka mingi ni 22 kwa mia. Kama mupangaji ni mutu wa kawaida, mwenye nyumba anapaswa kwenda kulipa yeye mwenyewe, na tunajua wengi hawaendi. Lakini kama kompani njo inasaini kontra ya nyumba, inakata 20 kwa mia palepale na kuipeleka kwa serikali. Mama aliyepatana dola 100 anaona dola 80. Anapiga kelele: "Munaniibia!" Hakuna aliyemuelezea mbele ya kusaini. Safari ingine, akisikia kompani, anakimbia.

Haya yote ni mambo ya kweli. Lakini na wenye nyumba nao wako na fasi yao mu hesabu hii, na nitawaambia bila kuficha. Wako wenye kuuliza mupangaji lojema yake ni ngapi mbele ya kusema bei. Chumba chenye mwalimu alikuwa analipa 30, mufanyakazi wa kompani anaambiwa 60, juu "kompani njo inalipa". Kompani hailipi 60. Inalipa ile iliandikwa ku mapatano, na ingine inatoka mu sufuria ya watoto. Tena wako wenye hawatoi resi, kusudi ushuru usiwaone. Kisha siku ya kesi wanasema hawakulipwa. Bila resi hakuna mwenye anaweza kuhakikisha kitu, hata yule mwenye haki.

DENI NI YA NANI

Tufanye hesabu ndogo, mufano tu. Tuseme lojema ni dola 60 kwa mwezi, na kompani inachelewa miezi mine. Kwa mufanyakazi mumoja, ile ni dola 240. Tuseme kompani iko na wapangaji 100 ndani ya muji. Ile ni dola 24,000. Feza hizo kompani ingepaswa kuzitoa, haikuzitoa, na kazi imeendelea kila siku. Nani aliyetoa nyumba zile miezi mine? Nani aliyengoja? Ni wale wazee na wajane. Wamekopesha kompani dola 24,000, bila karatasi, bila faida, bila kuulizwa kama wanakubali.

Kompani ikienda kwa benki ya kweli kuomba feza ile, itaombwa rehani, tarehe ya kurudisha, na faida. Kwa mama wa Mikelenge haiombwi hata "asante". Njo maana ninasema mwenye nyumba amegeuzwa kuwa benki ya kompani, na mufanyakazi amegeuzwa kuwa rehani. Deni ikichelewa, benki inachukua rehani: inatupa vyombo vyake inje.

Ku mikutano, mutu wa kompani anapenda kutuambia: "Mambo ya nyumba ni kati ya mufanyakazi na mwenye nyumba, sisi hatuingii." Wameingia tayari, siku walisaini mapatano ya pamoja yenye neno lojema ndani. Tena wanaingia kila siku wanachelewa. Mutu hawezi kufunga maji ya kisima kisha akasema ugonvi wa wanawake ku kisima haumuhusu.

KWINGINE WANAFANYA NAMNA GANI

Haya si mambo ya Maniema peke yake. Marekani, tangu mwaka wa 1974, serikali iko na mupango wenye watu wanaita Section 8. Familia yenye feza kidogo inatafuta nyumba kwa mwenye nyumba wa kawaida. Familia inatoa karibu 30 kwa mia ya ile inapata, na ofisi ya nyumba inalipa ingine mikononi mwa mwenye nyumba mwenyewe. Mbele ya kulipa, ofisi inatuma mutu kuangalia kama nyumba inafaa: paa, maji, umeme, usalama. Hata kule, wenye nyumba wengi wanakataa. Wanasema karatasi ni mingi, mukaguzi anachelewa, na nyumba inabaki bure wakati wa kungoja. Malalamiko yao yanafanana na ya hapa. Majimbo fulani yameweka sheria yenye kukataza kumufukuza mutu juu tu kodi yake inasaidiwa.

Ufaransa nako, tangu mwaka wa 1977, iko musaada wa nyumba wenye wanaita APL, na unaweza kulipwa kwa mwenye nyumba moja kwa moja, kisha mupangaji anajazia yenye inabaki.

Sisi hatuna mali ya Marekani wala ya Ufaransa, na kwetu mwenye kusaidia si serikali, ni mukubwa wa kazi. Lakini tuchukue pale jambo moja lenye halihitaji mali mingi: yule anayetoa musaada anajulikana na mwenye nyumba. Jina lake liko ku karatasi. Akichelewa, mwenye nyumba anajua mulango wa kugonga. Kwetu mulango anaoujua mwenye nyumba ni mumoja tu, ule wa mama mwenye watoto.

TUNAOMBA NINI

Ku mazungumuzo yenye kuja ya mapatano ya pamoja, wajumbe wa sindika wapeleke mambo haya, na wasitoke chumbani mbele ya kupata jibu.

La kwanza: lojema iwe na mustari wake ku buletini ya mushahara, na tarehe yake. Isichanganywe na mushahara, kusudi kila mutu aone mwezi gani ililipwa na mwezi gani haikulipwa. Leo mufanyakazi anapewa kitu kimoja kwa jumla, na hata yeye hajui nini imekosekana.

La pili: karatasi ya watu watatu. Kompani, mufanyakazi na mwenye nyumba wasaini pamoja. Ndani yake iandikwe bei, tarehe, na nani analipa kiasi gani. Mufanyakazi akikubali, kompani ilipe mwenye nyumba moja kwa moja, kwa simu ao kwa benki, na mufanyakazi apate ushahidi kila mwezi. Ushuru nao uelezwe palepale mbele ya kusaini, kusudi mama asishituke kisha.

La tatu: garanti. Kompani itangulize garanti ya miezi mitatu yenye sheria inaruhusu, kisha iikate kidogo kidogo, ao iirudishiwe siku mufanyakazi anahama.

La ine: feza ya lojema ifuate feza ya kontra. Kama kodi ni kwa dola, lojema ihesabiwe kwa bei ya dola ya siku ya kulipa, si ya siku mapatano yalisainiwa.

La tano: kompani ikisimamisha kazi ao ikimutoa mufanyakazi, imujulishe mwenye nyumba kwa barua, na iendelee kulipa nyumba ile miezi ya notisi. Familia isiambiwe usiku kama kazi imeisha na asubuhi kama nyumba imeisha.

Ninajua wafanyakazi wamoja watakataa la pili. Watasema: "Feza ni yangu, juu ya nini ipite mukono wa mungine?" Ni neno lenye haki, na njo maana nimeandika "mufanyakazi akikubali". Mwenye kujenga nyumba yake, ao mwenye kukaa kwa wazazi, aendelee kupata lojema mukononi. Sheria haimukataze kutumia akili yake.

Tena iko hatari ingine, na wazee wa kambi wanaijua kuliko mimi. Kambi ilikuwa nyumba nzuri, lakini ufunguo ulikuwa mukononi mwa kompani. Mutu aliyesimama kudai haki yake alikuwa anafikiria kwanza watoto watalala wapi. Kama kompani njo inalipa mwenye nyumba, siku ya mugomo inaweza kusema: "Hamutumiki, hatulipi nyumba." Kwa hiyo iandikwe kwa herufi kubwa ku karatasi ile ya watu watatu: malipo ya nyumba hayatasimama juu ya ugomvi wa kazi wala juu ya mugomo. Mujumbe wa sindika mwenye atasaini bila neno lile atakuwa ameuza mukono wetu wa kuume.

Sasa kwa wenye nyumba. Muandike kontra na muipeleke ku ofisi ya Habita. Mutoe resi kila mwezi, hata kama ni karatasi ya kaye. Musiombe garanti yenye kupita miezi mitatu. Musipandishe bei juu tu mumesikia neno lojema. Na kabla ya kutupa vyombo inje, mupite kwanza ku Habita kujaribu kupatana, na kama haikuwezekana, tribinali ya amani iko. Mutu hafukuzwi kwa kelele na vijana wa mutaa. Mukija na karatasi, sindika itasimama na ninyi kuandikia kompani, juu deni yenu na deni yetu ni moja.

Na kwa sisi wafanyakazi. Wakati lojema inalipwa, ipeleke ku nyumba siku ileile. Tunajua watu wenye walilipwa, wakapita ku bia, kisha wakamuambia mwenye nyumba "kompani bado". Mutu wa namna ile anaharibu jina la wote, na anawapa kompani kisingizio. Bwana amuonyeshe bibi yake buletini. Mama mwenye kujua tarehe na kiasi anaweza kuongea na mwenye nyumba bila haya, hata kama bwana iko mbali ku karyeri.

Wandugu wachimbaji wa mikono, ninyi mulio ndani ya koperative, ninajua munasoma na munauliza: na sisi? Ninyi hamuna bosi mwenye kulipa lojema, na mapatano ya pamoja hayawafikii. Njia yenu ni ingine. Koperative inaweza kuweka kisanduku cha nyumba, kila mutu anatia kidogo wakati mawe yanatoka, kusudi kodi ilipwe wakati mawe hayatoki. Tutaongea juu yake siku yake, juu inaomba mahesabu yake.

Leo tuanzie na ile iko mikononi. Kila mufanyakazi mwenye kudai lojema alete ku mujumbe wake wa sindika buletini za miezi yenye haikulipwa, kontra ya nyumba kama iko, na resi za mwisho. Kila mwenye nyumba mwenye kudai mutu wa kompani aandike jina la kompani, miezi na kiasi, na alete. Tutaweka yote ndani ya orodha moja: mufanyakazi, mwenye nyumba wake, kiasi. Orodha hiyo njo tutapeleka kwa kompani na kwa inspekta wa kazi. Wakiona jina la mutu mumoja wanaweza kulifunika. Wakiona avenue nzima ya Kasuku na avenue nzima ya Alunguli, wapangaji na wenye nyumba wamesaini pamoja, watapaswa kujibu.

Dawa ya deni ni kulipa. Mwenye kupaswa kulipa tunamujua, na ofisi yake tunaijua. Twende pamoja kugonga pale, na tumuache yule mama mulangoni mwake apumuzike.